Bega la Mgema

Siku hizi mtu akija kujiandikisha kwa Harith Mbarak, kwenye banda lake la kunyanyulia vyuma mtaani Shela pale Malindi, hapewi chuma siku ya kwanza. Hukalishwa kwenye benchi akaulizwa maswali. Ukiamka unafanya nini? Maji unachota wapi? Unabeba nini, unapanda nini, unalala saa ngapi? Vijana wakishatoka nje humcheka, wakasema mzee anadadisi kama anayetaka kuoza binti. Nao wana haki ya kucheka, maana hawajui maswali yale yalichelewa kiasi gani, wala ni nani aliyestahili kuulizwa kwanza.

Jina lake Kahindi, kijana wa Ganda, mrusha mkuki. Alifika miaka mitatu nyuma juu ya baiskeli isiyo na breki, akaamkia shikamoo, akasimama mlangoni mpaka akaambiwa aingie. Harith alikuwa mrusha mkuki enzi zake, akamaliza wa nne mara tatu, na mtu aliyemaliza wa nne mara tatu ana jicho kali kuliko aliyeshinda. Alimpeleka yule kijana kwenye uwanja wa shule, akamwona akirusha mara moja tu, akajua. Usiku ule alimwambia mkewe, Lubna, kwamba Mwenyezi Mungu amemletea mtu, lakini Kahindi mwenyewe hakuambiwa.

Kusifu hakukuwa desturi yake. Kila kijana aliyemtazama kwa macho ya kungojea sifa alijibiwa kwa methali ile ile: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wenzake walikuwa wakicheka. Kahindi aliinamisha kichwa, na Harith akadhani ni adabu tu.

Tena ukutani, juu ya mtaimbo mrefu wa kufungia vyuma, Harith alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: ANAYESHIKA TEMBO ASISHIKE CHUMA CHANGU. Harith ni mtoto wa mji, hakosi sala ya jamaa, na alikuwa ameona vijana wenye miguu ya dhahabu wakiishia mangweni, kwenye vilabu vya tembo. Alidhani anawalinda. Haikumpitikia kamwe kwamba mtu anaweza kulishika tembo kila siku ya maisha yake asilionje hata tone.

Mwaka wa tatu mambo yakapamba moto. Majaribio ya timu ya taifa yalikuwa mwezi wa sita, Nairobi, na kikosi kimoja cha serikali kilikuwa kimetoa ahadi: Kahindi akiwa katika watatu wa kwanza, ataajiriwa. Kwa kijana wa nyumba ya makuti, huo ndio mlango, na haukuwa na mlango mwenzake. Harith akaongeza mazoezi. Akaongeza uzito wa kunyanyua juu ya kichwa, akaongeza kuvuta, akaongeza kurusha. Kila kitu alikiandika kwa chaki ubaoni, kila kilo mahali pake, na alijivunia ule ubao kuliko nyumba yake.

Jambo moja lilimkera. Ikifika saa kumi na moja jioni, Kahindi hushika baiskeli yake. Wenzake wakibaki kumalizia, yeye huomba ruhusa. Harith alimsema mbele ya watu, akamwambia kama kuna msichana anayemngoja huko Ganda basi amngoje mpaka mwezi wa sita. Watu wakacheka, na Kahindi akacheka pamoja nao, halafu akaondoka.

Wiki tatu kabla ya safari, bega la kulia likaanza kumwaka. Kahindi alimwambia hivyo, kwa sauti ya chini, kwamba linawaka tangu alfajiri na kwamba mkono unakuwa mzito. Harith alikuwa akifunga vyuma kwenye mtaimbo, wala hakugeuka.

"Kazi yako ni moja tu, kurusha," alimwambia. "Umechoshwa na nini?"

Hilo lilikuwa swali, ndiyo. Harith amelikumbuka mara nyingi akitaka kujifariji kwamba aliuliza. Lakini kuna kuuliza kwa mtu anayetaka jibu, na kuna kuuliza kwa mtu anayekufunga mdomo. Kahindi alitazama yale maandishi mekundu ukutani, akamtazama mwalimu wake.

"Hakuna, mwalimu," akasema.

Akaingia chini ya chuma. Mara ya kwanza akakinyanyua, mara ya pili akakinyanyua. Mara ya tatu kilipofika juu ya kichwa, watu waliokuwa karibu walisikia kitu kikipasuka kama kanga kuukuu, na mtaimbo ukaanguka nyuma yake. Kahindi alikaa chini akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Hospitalini daktari alizitazama picha kwa muda mrefu. Alisema kano za bega zimekatika, lakini hazikukatika leo. Zilikuwa zikisagika kidogo kidogo kwa miezi, na chuma kilimalizia tu. Akauliza kijana huyu anafanya kazi gani. Harith akamjibia, akasema hana kazi, yuko nyumbani tu, anajitayarisha kwa mashindano.

"Mimi ni mgema, daktari," Kahindi akasema.

Alisema huku akitazama sakafu. Daktari akaandika, akaendelea na mengine. Harith hakusikia tena neno. Alikuwa ameikumbuka ile methali, na mara ngapi aliisema, na kile kichwa kilivyoinama kila mara.

Timu ilichaguliwa bila Kahindi. Bega lilishonwa, likapona nusu. Mkono haukupanda tena kupita usawa wa kiuno. Na Harith, aibu ya Mungu, alikaa miezi minne bila kwenda Ganda. Alituma salamu, alituma dawa za kuchua, alituma vijana. Yeye mwenyewe hakwenda, na sababu ilikuwa woga, hakuna jina jingine. Mwishowe Lubna alimwambia kwamba mkono ule haukuvunjwa na salamu wala hautapozwa na salamu.

Basi akaenda. Alipofika uani kwao, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa miguu ya mzee juu ya mnazi. Mzee Mwaringa, babake Kahindi, alikuwa ametundika kotama yake, kisu cha kugemea, miaka sita nyuma, magoti yakiwa yamekataa. Sasa alikuwa akishuka kidato kwa kidato, kibuyu kiunoni, akipumzika kila baada ya vidato vitatu. Harith alisimama akahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yake. Vidato arubaini na moja kwa mnazi mmoja. Minazi ya nyumba ile ilikuwa ishirini na miwili, na hugemwa asubuhi na jioni. Alianza kuzidisha kichwani, akaacha. Hakuna siku ubao wake ulikuwa umeandikwa mzigo kama ule, na kijana aliubeba kwanza, ndipo akaja kubeba ule wa Harith.

Akaamkia shikamoo. Mzee akaitika marahaba, akakiweka kibuyu mbali, nyuma ya nyumba, ndipo akarudi kumpa mgeni mkono. Akaagiza madafu. Harith alikuwa amejitayarisha kutukanwa, na angeshukuru. Alianza kuomba radhi, akaishia kusema tu kwamba laiti angejua.

"Alitukataza tusiseme," mzee akamwambia. "Alisema mwalimu wake ni mtu wa dini, watu wa mji wasije wakamcheka kwamba anamfundisha mgema. Kila akishuka mnazini alikuwa akioga mara mbili kabla ya kuja kwako."

Harith alilia mbele ya mzee wa watu, na dafu mkononi. Alikumbuka kwamba kijana yule kila siku alikuwa akinukia sabuni, na kwamba aliwahi kumtania kwa hilo.

Kahindi alitoka ndani kumsindikiza. Waliongea machache: timu ilifanyaje, nani anatumia ule mkuki sasa. Harith akamwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba hajapata kuona mtu akirusha kama yeye, tangu siku ile ya uwanja wa shule. Kahindi akatabasamu kidogo, akasema hakujua.

Njiani, mahali pa kuagana, alitaka kunyoosha mkono wa kulia. Ulifika kiunoni ukakataa. Akatoa wa kushoto.

"Samahani, mwalimu," akasema, "kwa kukupa mkono huu."