Shamba la Kina Lorna

Kazi ya Metrine ilikuwa kumwogesha Madam Lorna, kumpa dawa na, tangu macho yake yalipoingia ukungu, kumsomea. Madam alikuwa mjane wa Australia aliyekuja Dubai kukaa na mwanawe, akakuta mwanawe hakai nyumbani. Metrine, wa Bungoma, aliishi mtaa wa Karama katika chumba cha kuchangia, na kila asubuhi alipanda metro kwenda kwa Madam.

Vitabu vilikuwa vya kwao Madam. Karibu vyote vilihusu ardhi na bahari, na watu waliohuzunika wakitazama mojawapo.

"Ardhi si mali yetu," Metrine alisoma siku moja. "Sisi ndio mali yake." Akashusha kitabu.

"Una neno?" Madam akauliza.

"Mwandishi huyu hana kaka, madam."

Akaeleza. Mama yao alipofariki, kaka yake Fanuel alipanda miwa shamba zima ambalo mama alimwachia Metrine.

"Hadi kwenye kaburi la mama?"

"Kaburi alilizunguka. Ana adabu."

Wiki iliyofuata Madam alitoa kitabu kipya, akataka sura moja tu. Mwandishi wake, June, alitoka kwa wenyeji wa asili wa kule. Alisimulia ufuko ambako ukoo wake ulivua samaki na kuzika wafu, mpaka akaja mzungu mmoja na ng'ombe, bunduki na seng'enge. Jina la mzungu lilikuwapo. Metrine alilisoma, kisha akatazama chupa za dawa mezani. Ni lile lile la ukoo, ambalo Madam hakuliacha hata alipoolewa.

"Babu yangu," Madam alisema. "Endelea."

Akaendelea. Haikuwa sura fupi.

"Na June tulikaa dawati moja shuleni," Madam alisema mwishoni. "Namba yake ninayo."

"Umewahi kumpigia?"

"Nimwambie nini? Shamba tulishauza. Sina hata cha kurudisha."

Metrine akafunga kitabu. "Ya Australia siyajui. Lakini Fanuel akinipigia, sitaki alie. Akilia, kumbembeleza kutakuwa kazi yangu. Aseme tu: lile ni shamba lako, nami najua."

Madam akafikiri. "Piga."

"Sasa hivi?"

"Kabla sijapata akili."

June alipokea, Metrine akaweka spika.

"Ni Lorna. Nimesomewa sura ya babu. Yote ni kweli. Baba alikuwa akitusimulia, huku anacheka."

"Nilidhani umekufa," June alisema.

"Bado."

"Basi njoo uyaseme hapa ufukweni, mbele ya wajukuu wangu. Kwa simu hayatoshi."

Madam hakulia. Alimbana Metrine kifundo cha mkono mpaka kikauma.

Jioni hiyo Metrine mwenyewe alimpigia Fanuel, akamwambia Desemba anakuja na mpima ardhi. Fanuel akasema miwa haijakomaa. Metrine akasema miwa michanga ni rahisi kukata.

Mwanawe Madam alisema daktari hatakubali safari ya Australia. Daktari akakubali. Mama na mwana wakaenda, Metrine akabaki kumwagilia maua.

Siku moja simu ya video ikaingia. Vikongwe wawili walikuwa wameketi mchangani juu ya viti, bahari ya kijivu nyuma yao, wakibishana lango la shamba lilikuwa upande gani.

"Amesema?" Metrine akamuuliza June.

"Amesema. Mjukuu wangu mmoja aliinuka akaondoka."

"Na wewe?"

"Niondoke niende wapi? Hapa ni kwetu."