Kopo la Elia

Monika alikuwa fundi wa masweta ya shule, na katika mji wenye baridi kama Sumbawanga, fundi wa masweta halali njaa. Kofia ya mtoto angeweza kuifuma huku anapiga soga, bila hata kuitazama. Kwa hiyo tusidanganyane: asubuhi ile alipofunga kilemba chake na kushika njia ya kupanda mlima wa Mbizi, hakuwa anafuata kofia. Kofia angefuma kumi. Alikuwa anafuata harufu.

Mwanawe Elia alikuwa amefariki mwezi wa saba, mtoto wa miaka minane, na nyumbani hakikubaki kitu chenye harufu yake. Msimlaumu wifi yake, Luciana, dada mkubwa wa mumewe. Alifanya kama inavyofanywa. Matanga yalipoanuliwa alikusanya nguo zote za marehemu, na shuka, na foronya, akazifua na wanawake wenzake kwa sabuni nyingi, wakazianika, kisha wakawagawia watoto wa ndugu, kila mmoja chake. Nguo za marehemu hazigawiwi chafu, wala haziachwi ndani ziendelee kumtonesha mama kidonda. Ni utaratibu mzuri na umewaponya wengi. Monika siku hiyo alikuwa amejilaza kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani. Alipozinduka na kuuliza foronya ya mtoto iko wapi, ilikuwa imeshaanikwa juani.

Ndipo akaikumbuka kofia iliyokuwa mlimani, ndani ya kopo.

Kopo hilo lilikuwa la mchezo ulioletwa na mdogo wake, Jane, anayefanya kazi na watalii huko Arusha. Watu wanaficha kopo chini ya jiwe au kwenye shimo la mti, wanaweka kwenye simu alama ya mahali lilipo, na yeyote mwenye mchezo huo, awe wa Mbeya au wa Ulaya, anafuata ramani mpaka alifikie. Akilipata anaandika jina lake kwenye kikaratasi kilichomo. Akipenda kitu kilichomo anachukua, ila lazima aweke chake chenye thamani ileile au zaidi, kisha alirudishe kopo palepale alipolikuta. Hakuna mshindi wala kombe. Yusto, mume wa Monika, fundi pikipiki, alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani nipande mlima kutafuta kopo? Jalalani si yamejaa, shemeji?"

Lakini Elia alikuwa ameshavaa viatu.

Makopo ya kusaka karibu na mji hayakuwepo, basi wakaficha la kwao: kopo la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko wa kubana, chini ya jiwe kubwa pembezoni mwa msitu wa Mbizi, mahali unapouona mji wote chini yako. Elia akaliita kwenye simu Kopo la Elia. Tangu hapo, kila Jumapili misa ikiisha, ni "twendeni tukaone kama kuna mtu amekuja." Mara nyingi hakuna aliyekuja. Walikula viazi vyao vya kuchemsha, wakapiga picha, wakateremka. Zile ndizo zilizokuwa siku njema kuliko zote katika maisha ya Monika, na wakati zinapita hakujua.

Jumapili moja ya mwezi wa sita wakakuta wageni waliokuwa njiani kwenda maporomoko ya Kalambo wameacha humo filimbi ya chuma. Elia nusura azimie.

"Filimbi ya refa kabisa!"

Mifuko yake ilikuwa mitupu. Yusto akatoa shilingi mia aiweke badala yake, mtoto akamkazia macho.

"Baba, mia si sawa na filimbi. Huko ni kudhulumu."

Akavua kofia yake ya bluu, ile aliyofumiwa na mama yake kwa mabaki ya uzi wa masweta, na ambayo alikuwa akilala nayo. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye kopo. "Hii ndiyo sawa."

"Vaa kofia yako, Elia. Huoni upepo huu?" Monika alisema.

"Mwache," Yusto akasema huku anacheka. "Sheria ni sheria."

Elia akashuka mlima kichwa wazi, anapuliza filimbi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakamjibu.

Haukupita muda akashikwa na homa. Daktari alisema ni malaria, imepanda kichwani, na malaria hailetwi na upepo. Monika alisikia na alielewa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nao ukizidi hutafuta mtu wa kumwangukia. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji, alimnyooshea mumewe kidole. "Wewe ndiye uliyesema mwache. Umeniulia mwanangu!" Yusto aliinamisha kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo waliishi kama wapangaji wawili: "chakula kiko mezani," "leo nitachelewa," basi.

Juzi tu Monika alikuwa amemwambia Jane kwenye simu, "Laiti ningekuwa na ile kofia yake." Habari ya harufu hakuitaja. Nani anasema mambo hayo kwenye simu? Tena alidhani Yusto, aliyekuwa chumba cha pili, amelala.

Sasa alikuwa anapanda, pumzi juu juu, anajipangia. Mfuniko ule unabana; harufu haiwezi kuwa imetoka. Hataifungua kofia palepale mlimani upepo ukamwibia. Atalibeba kopo zima mpaka nyumbani, afunge mlango, avute mara moja tu, afunike. Mara moja tu kila siku, ili imtoshe.

Akafika kwenye jiwe, akalivuta kopo. Kabla hajalibeba akachungulia kwa nje ya plastiki, asione bluu. Akafungua. Kulikuwa na kikaratasi, gololi mbili, na filimbi ya chuma. Kofia haikuwemo.

Alikaa chini kwenye majani makavu. Filimbi ile alidhani iligawiwa pamoja na vitu vingine. Kumbe Yusto aliificha, Luciana asiione! Akaukumbuka mkono wa mumewe, siku zote ndani ya mfuko wa koti, hata anapokula, na yeye akiona ni kiburi. Kumbe alikuwa ameishika hiyo. Na sasa ameipandisha mlimani, ameitoa ili achukue kofia, sawa kwa sawa, kama mtoto alivyotaka.

"Ameniletea mimi," Monika alisema kwa sauti, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia hata kaburini.

Hakuweza kuiacha filimbi pale. Akatafuta cha kuweka, hana kitu. Akafungua kilemba chake, akakikunja, akakitia kwenye kopo, akateremka kichwa wazi huku upepo unamvumia masikioni. Neno alikuwa nalo tayari mdomoni: nisamehe, Baba Elia. Njia nzima alilikariri.

Yusto alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya beseni, amekunja mikono ya shati. Mikono ile ya oili leo ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Juu yake, kwenye kamba, kofia ya bluu ilikuwa inachuruzika maji.

Akainuka, akatabasamu kwa haya. Tangu msiba hakuwa ametabasamu.

"Niliipandia jana, Mama Elia. Nimeikuta ina jasho na vumbi, nikasema siwezi kukupa hivyo. Nimeifua mara mbili."

Yusto alikuwa amelelewa na Luciana.

Monika akaitoa kofia kwenye kamba, akaiweka usoni. Sabuni. Akavuta tena kwa nguvu, kwenye pindo, pale uzi ulipo mzito. Sabuni na maji. Elia hakuwemo.

"Nimekosea?" Yusto akauliza.

"Hapana. Imetakata. Asante, Baba Elia."

Akaitoa filimbi, akamwekea kiganjani. Yusto akaifumbata kwa mikono yote miwili.

"Sijaipuliza hata mara moja," alisema. "Pumzi ya mwisho iliyopita humu ni ya kwake. Niliogopa nikipuliza itatoka..."

Akaitazama kofia usoni pa mkewe, akaitazama mikono yake yenye povu. Monika aliliona jambo lile likimwingia, na hakuwa na namna ya kulizuia.

"Mama Elia," akasema. "Kumbe wewe... Ee Mungu wangu. Nisamehe."

"Unisamehe wewe," Monika akamwambia, akamshika mkono uliolowa.

Beseni lilikuwa katikati yao, maji yake yana weusi kidogo uliotoka kwenye kofia. Kila mmoja alimsubiri mwenzake ayamwage. Jua likazama nyuma ya nyumba, baridi ikashuka, na maji bado yalikuwa pale.