Kaka Aliyevaa Jina Langu

Mwaka wa kumi na tano sasa mama yetu hatutaji kwa majina. Kaka ni Mkubwa, mimi ni Mdogo, basi. Majirani wanadhani ni mapenzi. Ni woga tu. Mama anajua ulimi hauna mfupa, na siku ukiteleza mbele za watu nyumba nzima imekwisha.

Ilikuwa hivi. Kaka alipofika miaka kumi na tisa alikuwa ameshapita mita mbili na bado anarefuka. Timu ya vijana ya kikapu ilimtaka kwa udi na uvumba, ila haikuchukua mtu aliyezidi miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na kumi na sita. Mama akafungua sanduku, akatoa vyeti vyetu viwili vya kuzaliwa, changu akampa Mkubwa, cha Mkubwa akanipa mimi. "Ni kwa mwezi mmoja tu," alisema. Mwezi huo ukazaa leseni ya mchezaji, leseni ikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa pasipoti. Mimi nami nikaandikishwa kwa jina lake, nikazeeka miaka mitatu nikiwa nimesimama kwenye foleni.

Sikulalamika sana. Fundi cherehani hana haja ya jina, mtaa mzima unaniita Fundi. Nilikuwa naenda ukumbini Jumamosi, nasikia watu elfu tatu wanaimba jina langu, naona fahari na wivu kwa pamoja. Akikosa kikapu cha wazi, jirani yangu kwenye benchi alinitukana mimi bila kujua, nami nikameza.

Nguo zake nilishona mimi, maana dukani hakuna suruali ya mtu kama yule. Jumatatu ile alikuja kupimwa. Nikafungua daftari la vipimo. Kiuno mwaka jana kilikuwa tisini. Miezi mitatu nyuma, themanini na tano. Jumatatu hiyo, sabini na tisa. Kabla sijakunja futi alishika ukuta, akatafuta pumzi, mtu aliyetembea kutoka mlangoni tu. Ningemuuliza. Badala yake nikamtania.

"Uzee huo, Mkubwa. Karatasi zinasema thelathini na moja, magoti yanasema kweli."

Akacheka kidogo. "Siku nikipotea utanitafuta?"

"Wewe upotee wapi? Unaonekana toka mtaa wa pili. Simama wima nikupime mguu."

Akasimama wima. Nikaandika vipimo, nikapanga kupunguza kiuno, na hilo ndilo nililolifanyia ugonjwa wa kaka yangu: nikaupunguzia suruali.

Jumanne hakufika mazoezini. Jumatano asubuhi meneja wa timu alikuja dukani, mtu wa simu mbili mkononi, akaketi kwenye kiti cha wateja kama aliyekuja kudai. Suti za mazoezi za timu nashona mimi, kwa hiyo watu wake hawakosekani pale.

"Fundi, nduguyo yuko wapi? Jumapili tuna fainali."

"Si wewe ndiye unayekaa naye zaidi kuliko mimi?"

Nilimjibu kwa ukali kwa sababu nilishaanza kuogopa. Nikafunga duka, nikaenda chumbani kwa kaka. Kitanda kimetandikwa, viatu vyote vimepangwa ukutani, simu iko chini ya mto, imezimwa. Kilichokosekana ni kandambili zake tu. Mtu anayesafiri haendi na kandambili.

Mama alikuwa sebuleni na mguu wake mbovu juu ya kigoda. "Usiende polisi," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Wakianza kuchimba watafukua vyeti. Watamfungia asicheze maisha, sisi watatu twende mahakamani."

"Na kama amelala mahali hajiwezi?"

Mama akautazama mlango wa chumba cha Mkubwa. Nikajua naye ameliwaza hilo hilo.

Nikaanza na hospitali, kimyakimya. Ya kwanza hayupo. Ya pili hayupo. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na pale mapokezi alikuwepo dada mmoja mwenye miwani, anaandika bila kuinua uso.

"Jina la mgonjwa?"

Nikataja jina langu, lile analolitumia yeye. Akabonyeza, akasubiri. "Hayupo."

"Angalia tena, dada yangu. Ni mtu mrefu sana, ukimwona huwezi kumsahau."

"Kaka, hapa tunaandikisha majina. Urefu hatuandikishi."

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mlango wa wodi ulikuwa pale pale, hatua kumi na mbili hivi, lakini mlinzi alisema saa ya kuona wagonjwa imepita. Nikaondoka na moyo umepoa kidogo: kama hayupo hospitali, basi haumwi.

Alhamisi nilishindwa. Sikuwa nimelala kwa siku mbili, nilikuwa nimeshona mkono wa koti kinyume na kumfokea mwenye koti. Nikamwambia mama naenda kununua uzi, nikaenda polisi. Koplo wa mezani alikuwa mtaratibu, na utaratibu wake ndio ulionitoa jasho.

"Jina la aliyepotea?"

Nikataja langu.

"Mtoa taarifa?"

Nikatoa kitambulisho changu, chenye jina la kaka. Akanakili herufi moja moja.

"Kumbe wewe ndiye mkubwa. Miaka thelathini na minne."

"Ndiyo, afande. Ni mdogo wangu." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yetu ilikuwa na miaka kumi na tano na bado nilikuwa naipigia lami.

Ijumaa mchana televisheni ikatangaza. Picha ya kaka akiruka, jina langu chini yake, na maneno kwamba taarifa imetolewa na familia. Mama akaiona, akanigeuzia mgongo.

Jumamosi nilifungua duka kwa sababu sikujua pa kwenda. Kila nguo ikikamilika huwa naibandikia kikaratasi: jina la mteja juu, jina la fundi chini. Nikamaliza suruali ya kaka. Sikuwa na sababu ya kuimaliza siku hiyo, ila niliogopa kuiacha bila kuishona. Nikaandika kikaratasi. Juu jina langu, kama siku zote. Chini jina lake, kama siku zote. Kalamu ikakwama.

Lile la chini lilikuwa lake. Alizaliwa nalo. Miaka kumi na sita nililiita mlangoni, uwanjani, mtoni. Kisha nikaanza kuliitikia mimi, nikasahau kwamba lina mwenyewe. Mwanamichezo anayetaka kupimwa bila timu yake kujua, angeandikisha jina gani? Na mimi, mjinga mkubwa, ningemtafutaje mtu kwa jina ninaloitikia mwenyewe?

Sikufunga hata mlango.

Dada wa miwani alikuwepo. Nikalitaja jina la kaka, na mdomo wangu ulilitoa kwa shida. Akabonyeza, akasubiri.

"Yupo. Wodi ya moyo, kitanda cha tisa. Aliingia Jumanne."

Hatua kumi na mbili. Nilizikimbia.

Kitanda cha tisa kilikuwa kitupu. Shuka limevutwa, na miguuni wameegesha benchi la mbao lenye blanketi, maana kitanda hakikumtosha. Benchi lilikuwa bado pale. Muuguzi mmoja mtu mzima akanitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu.

"Wewe ndiye fundi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umechelewa, mwanangu. Ameondoka jana."

Akanikalisha kwenye lile benchi, akanieleza. Moyo wa kaka ulikuwa umetanuka, daktari alimwambia asiguse mpira tena maisha yake yote, na asikose dawa hata siku moja. Kaka alimsikiliza kwa heshima, akauliza kama kuna dirisha linaloonyesha mlango mkubwa. Likawepo. Akawa anakaa hapo.

"Nikamwambia nipe namba nimpigie nduguyo. Akasema hana kichwani. Nikasema basi nitume mtu dukani. Akakataa, eti hapo hapakosi watu wa timu. Akasema, 'Mdogo wangu atakuja. Ndiye anayejua jina langu.'"

"Nilikuja," nikasema. "Jumatano nilikuja, mama."

"Alikuona."

Sikuelewa.

"Alikuona dirishani unaingia. Akafurahi huyo, akavaa shati, akaketi kitandani anasubiri. Baadaye akakuona unatoka. Akasema labda umeambiwa urudi saa ya kuona wagonjwa. Alhamisi akasubiri tena. Jana televisheni ya wodini ikamtangaza kwa jina jingine, wagonjwa wakamgeukia. Akaniuliza nani ametoa taarifa. Nikasema imeandikwa ni familia. Nilikwenda kuleta dawa, niliporudi hayupo. Dawa zake hizi hapa. Na hii."

Ilikuwa bahasha. Ndani kulikuwa na cheti changu cha kuzaliwa, kimechakaa kwenye mikunjo. Hakuandika neno. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumeficha mpaka mgonjwa mwenyewe. Nililia pale pale kwenye benchi la miguu yake, na sikuona haya.

Kituoni, yule koplo alikuwa zamu. Niliweka dawa mezani, nikaweka cheti, nikaweka na kitambulisho.

"Afande, ile taarifa ya Alhamisi imekaa kinyume. Jina la juu lipeleke chini, la chini lipeleke juu."

Akafungua kitabu, akasoma, akasoma cheti, akakilinganisha na kitambulisho. Alishaelewa. Niliona mkono wake unasogelea simu, nikajua sitarudi dukani leo, na fainali ya kesho itachezwa kwa kashfa, na mama ataletwa hapa na mguu wake.

"Kwa hiyo huyu tunayemtafuta," akasema, kidole juu ya jina langu.

"Huyo amefika, ndiye mimi. Nifungeni mkitaka. Lakini dawa hizi ni za siku thelathini, na hakubeba hata kidonge kimoja. Nisaidieni kumtafuta kaka yangu."

Akachukua kalamu. "Jina lake?"

Nikalitaja kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwita zamani toka mlangoni.