Sulaiti Alivyoitangaza Nyumba ya Nyamwamba

Sulaiti alikuwa dalali wa nyumba na viwanja huko Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote tangazo lake lilikuwa mdomo wake. Alikaa kwenye baraza ya duka la Muhamood, kando ya barabara iendayo Mpondwe, na madereva wa malori na wapagazi wa mpakani walipompitia, kila mmoja aliondoka na habari ya chumba au kiwanja. Nyumba ikikawia kuuzwa, alijua ina kasoro moja kati ya tatu: mzimu, mto au ndugu.

Mwaka 2015 wateja walianza kupungua. Vijana wawili wenye simu za kupangusa walikuwa wakiuza viwanja vya Karusandara ambavyo wenyewe hawajapata kuvikanyaga.

"Baba Shafic," mkewe Raihana akamwambia, "wewe unangoja watu wapite. Siku hizi watu hawapiti. Wako ndani ya simu."

Akamwandikisha semina ya siku moja mjini Kasese. Walihudhuria watu kumi na wanne, na wawili kati yao walikuja kwa ajili ya chakula cha mchana. Mwalimu aliitwa Barbara, mwanamke kijana kutoka Mbarara aliyesema upesi kama mtu anayefukuzwa. Sulaiti, ambaye kuandika alijifunza madrasa, aliyanakili maneno yake kwa herufi za Kiarabu. Picha zipigwe asubuhi. Nguo zianuliwe kambani. Awepo mtu pichani, kwa sababu nyumba tupu inafanana na jela. Na mteja akiandika, ajibiwe ndani ya dakika tano.

"Mteja wa mtandaoni ni kama chapati," Barbara alisema. "Ikipoa, hakuna anayeitaka."

Sulaiti akanyoosha mkono. "Na majirani tunawauliza saa ngapi, kama nyumba ni ya anayeiuza?"

Barbara akafikiri. "Hiyo siyo mada ya leo."

Sulaiti akaliandika na hilo.

Wiki hiyohiyo alipigiwa simu na mtu aitwaye Xavier Bwambale. Alikuwa na nyumba ya marehemu baba yake pale Nyamwamba, mjini Kasese, na alitaka iuzwe haraka.

"Ndani iko mpangaji, mama mzee," Xavier alisema. "Huyo atahama, hana maneno."

Sulaiti alifika asubuhi, jua likiwa bado pole. Mama mzee alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharage kwenye ungo. Nguo kambani hazikuwapo. Kila kitu kilikuwa kama alivyofundishwa.

"Mama, naomba nipige picha."

"Ya serikali?"

"Ya mtandao."

"Basi piga. Ile ya kitambulisho ilinitoa kama mwizi." Akakaza kitambaa chake kichwani na kutazama mbele.

Picha ilitoka safi kabisa. Chini yake Sulaiti aliandika: *Nyumba ya vyumba vinne, Nyamwamba. Asubuhi unaitazama milima ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Utulivu kamili.* Kufikia adhuhuri watu mia sita walikuwa wameiona. Mmoja aliuliza, "Na huyo mama anauzwa pamoja nayo?" Sulaiti akajibu kabla dakika mbili hazijaisha: "Hapana, atahama."

Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka.

"Bonjour, papa. Miye naitwa Naome. Ile nyumba unauzisha, ule mama mwenye kuikala ku mulango ni mama yangu. Iko nyumba yake. Sasa uniambie, mama yangu atahamia wapi?"

Sulaiti akausikiliza mara tatu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuitangaza nyumba bila kumuuliza jirani wa tatu, yaani yule aliye mbali vya kutosha asione haya na karibu vya kutosha ajue. Safari hii haraka ilikuwa imempita mbele. Dakika ya nne akaandika, "Naenda kuuliza," akaliondoa tangazo, akarudi Kasese siku hiyohiyo.

Mama alikuwa palepale, maharage yameshapikwa.

"Mama, samahani. Wewe unapanga hapa?"

"Napanga kwa nani?"

"Xavier amesema wewe uko mpangaji wake."

Mama akamkodolea macho. "Xavier nilimzaa mimi. Nyumba hii nilijenga na baba yake, mimi nikibeba maji ya udongo kichwani. Jina yangu ni Anastasie Kabugho, uliza mtu yeyote."

Sulaiti akamweleza yote bila kujitetea, akamwonyesha simu. Mama Anastasie akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Imetoka vizuri," alisema. "Xavier ameiona?"

"Yeye ndiye wa kwanza kuipenda."

Mama akanyanyuka, akamwita mwenyekiti wa mtaa, akawaita na majirani. Xavier alipofika alikuta watu tisa uani, na kiti kimoja kitupu kikimsubiri.

"Nilitaka kukupeleka Karusandara, mama," alisema, macho chini. "Kule iko hewa."

"Hata hapa hewa iko," mama akamjibu. "Mimi naivuta kila siku."

Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake kwamba nyumba haiuzwi, na Xavier akatia sahihi. Kisha mama akamgeukia Sulaiti.

"Wewe ulitangaza mbele ya watu mia sita. Sasa watangazie tena. Andika: mwenye nyumba ni mimi, na sijafa."

Sulaiti akaandika vilevile, akaongeza kwamba kosa ni lake, hakuuliza. Aliona haya kuliko siku yoyote ya udalali wake. Tangazo hilo likazunguka mpaka Fort Portal.

Ijumaa Naome alivuka mpaka, na kabla hajafika kwa mama yake alisimama kwenye baraza ya Muhamood akamgombeza Sulaiti mbele ya wapagazi. Basi Naome, hasira zikiwa zimemtoka, akamwambia kilichomhangaisha hasa: mama yake anaishi peke yake katika vyumba vinne, na yeye Beni ni mbali. Je, vyumba viwili vya nyuma haviwezi kupata wapangaji wa kweli, watu wa heshima?

Mama akakubali, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyetoa maneno ya tangazo, Sulaiti akaandika.

"Vyumba viwili. Mlevi asikuje. Mwenye redio ya kelele asikuje. Mto iko karibu, na mwaka ile ya mafuriko maji ilifika hapa kwa dirisha."

"Mama, ya mto tuiache kwanza. Tutawafukuza watu."

"Wewe uliandika utulivu kamili," mama akasema.

Sulaiti akauandika mto.

Wiki mbili hakuna aliyepiga simu. Wiki ya tatu akaja askari kutoka kambi ya jeshi, Afande Tumukunde, pamoja na mkewe na watoto wawili. Hakuangalia bati wala milima. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaitafuta alama ya maji ukutani, akaipima kwa kiganja.

"Nyumba ya kwanza tulipanga, hakuna mtu alisema kitu," alieleza. "Usiku tuliamka na sufuria zinaelea. Huyu amesema. Tutanunua vitanda vya miguu mirefu."

"Unakunywa?" mama akauliza.

Afande akamtazama mkewe.

"Amepunguza," mke akasema.

Mama Anastasie akalitafakari jibu hilo. "Viatu vikae nje," akasema hatimaye, akampa ufunguo yule mke.

Walihamia Jumamosi. Mama alimwagiza Xavier aje kuwabebea mizigo, naye akaja, hakusalimu mtu. Kabati lilikuwa zito, mlango mwembamba. Sulaiti akashika upande mmoja, Xavier upande wa pili.

"Inua kwako kidogo," Sulaiti alisema.

Xavier akainua.