Nafasi ya Kasereka

Semina ilipoanza nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimeshuka Butembo kutoka Kasugho juu ya lori la maharagwe, nikapewa daftari, kalamu na cheo kipya: agent de liaison, kiungo kati ya utawala na raia. Mwaka ule wa 2001 utawala ulikuwa wa waasi, na raia ndio sisi tuliokuwa tukikimbia kila wiki. Kuunganisha hao wawili kunataka zaidi ya kalamu, lakini nani angeniuliza mimi, mjane wa watu? Chifu alituma majina mawili, langu na la shemasi Josaphat, tukaenda.

Siku ya pili, katika ukumbi wa Kimemi, nyuma kabisa aliketi komanda Gracien wa jeshi la utawala huo, kutoka Beni. Alisema amekuja kusikiliza tu. Askari wa kusikiliza tu bado hajazaliwa.

Mwalimu wetu, Madame Florentine, alitugawia karatasi za familia, zile ambazo tungezijaza nyumba kwa nyumba.

"Leo kila mutu ajaze ya kwake kwanza," alisema. "Ni exercice tu. Mukijua ya kwenu, ya bengine haitabashinda."

Nikaandika wanangu: Mumbere Esdras, Kambale Élisée, Kakule Salomon. Kasereka Jephté sikumwandika. Alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu mavuno alikuwa msituni pamoja na Mai-Mai, wanamgambo waliopigana na utawala. Mama yeyote aliyejulikana kuwa na mtoto huko, askari walimkamata, wakamtembeza mbele yao kando ya msitu amwite mwanawe kwa jina. Jirani yangu alitembezwa hivyo. Mwanawe alimsikia, akatoka, hakupiga hatua tatu.

Basi nikamruka Kasereka, nikajisifu moyoni kwamba nina akili.

Komanda aliinuka, akaanza kupita kati ya meza akisoma karatasi za watu. Akasimama kwangu.

"Mama, uko Munande?"

"Ndiyo, komanda."

"Miye pia."

Kwetu Wanande, mtoto wa kiume huzaliwa akikuta jina lake limeshamngoja: wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Hata mmoja akifa, anayemfuata hachukui jina lake. Mgeni angesoma karatasi yangu akaona watoto watatu. Mnande aliona wanne.

"Umetoka kwa Kambale, unaruka kwa Kakule," alisema. "Kasereka iko wapi?"

"Alikufaka," nikasema.

Neno lilitoka kabla sijalipima. Kumwita mtoto aliye hai marehemu, mama yake mwenyewe! Nilijichukia papo hapo, na nisingelirudisha hata kwa fimbo.

"Alikufaka na nini?"

"Malaria. Mwaka juzi."

"Lakini karatasi iko na fasi ya bale balikufa. Juu ya nini haukumuandika?"

"Inaniuma kumuandika, komanda."

Alitabasamu kidogo, akamgeukia Josaphat.

"Shemasi, mumetoka fasi moja. Ni kweli?"

Hapo nikajua nimekwisha. Josaphat alimjua Kasereka. Ndiye aliyemfundisha katekisimu. Na Josaphat ni mtu aliyesimamisha harusi ya mpwa wake mwenyewe kwa sababu bwana harusi aliongopa umri. Nilimwomba Mungu, bila haya, amfanye mtumishi wake aseme uongo.

Josaphat alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Miye mwenyewe nilimuzikaka," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Uyu mama tulimushika mikono yote mbili."

Mvua ile sijui aliitoa wapi.

Komanda akanisukumia karatasi.

"Bon. Andika sasa."

Nikaandika: Kasereka Jephté, amekufa. Madame Florentine, maskini, akawasimamisha watu wote wamwombee mwanangu apumzike kwa amani.

Wakati wa kurudi, juu ya lori, nilijaribu kumshukuru Josaphat.

"Usinishukuru, mama," alisema. "Acha tu."

Jumapili ilikuwa Meza ya Bwana. Josaphat aligawa mkate benchi kwa benchi kama kawaida. Mchungaji alipompa wake, alitikisa kichwa, akaweka sahani chini, akatoka nje. Minong'ono ikaanza. Kanisani kwetu shemasi asiyekula mkate amekwisha kuungama. Kilichobaki ni watu kuitafuta dhambi yenyewe.

Mkate wangu ulikuwa mkononi. Nikaurudisha, nikatoka, nikaketi kwenye jiwe lile lile alilokalia, upande wa pili.

Kabla ya wimbo wa mwisho, Kasugho yote ilikuwa imepata jibu: mjane, shemasi, siku nne Butembo. Agar, mkewe, alitoka kanisani akapita mbele yetu bila salamu, macho yamejaa machozi. Josaphat aliinuka nusu, kisha akaketi tena.

Sentensi moja tu ingemrudishia mke wake. Alinitazama, akingoja kama nitaisema. Nikamwangalia Agar akiteremka njia peke yake, nikamfikiria Kasereka wangu anayepumua huko msituni, nikafunga mdomo.