Mlango wa Mninga

Swali la nne lilikuwa la alama tano: eleza tashihisi inayojitokeza katika sentensi "Mlango ulilia baba alipoondoka." Zulfa, wa kidato cha tatu, aliandika kwamba hapo hamna tashihisi yoyote, mwandishi ameeleza tu kilichotokea. Akapata sifuri.

"Tashihisi ni kukipa kitu kisicho na uhai tabia za mtu," alisema Mwalimu Elineema akimrudishia karatasi. "Mlango hauna macho, Zulfa."

"Hata wa kwetu hauna, mwalimu. Ila unalia."

"Kweli, mwalimu," Saada akadakia kutoka dawati la nyuma. "Wanakinga beseni."

Mwalimu alitoka Same, na mwaka mmoja wa Nachingwea ulikuwa umemwonyesha mengi. Akakubali kwamba unalia. "Lakini mtihani wa taifa haupajui kwenu," alisema, na sifuri ikabaki.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mninga. Amiri, baba yake Zulfa, aliuunda kwa mkono wake mwaka alipomwoa Mwantumu na kuhamia ukweni, Mkotokuyana. Ulianza kulia alasiri ile alipoaga kwamba anafuata dawa ya kupulizia mikorosho, akaishia Matambarale kwa mwanamke mwingine. Mwaka wa saba huo. Machozi yalianzia kwenye bawaba ya juu, kila siku saa kumi, na kwa kuwa yalikuwa na chumvi hayakufaa bustanini. Mwantumu aliyatumia kudekia.

Mama huyo hakutaja jina la Amiri hata kwa bahati mbaya. Katika nyumba nzima mlango peke yake ndio uliomkumbuka waziwazi, na Zulfa aliupenda kwa hilo. Akitoka shule aliuegemea, shati la sare likilowa mgongoni, akasoma riwaya yao ya darasani. Ilihusu baba aliyewatelekeza wanawe, akarudi sura ya mwisho, akapiga magoti, akasamehewa. Sura hiyo Zulfa aliirudia kuliko mtihani ulivyodai. Alishaamua: wa kwake akija, atamsamehe kabla magoti hayajagusa chini.

Amiri alikuja Jumamosi moja ya Oktoba, korosho zikidondoka, na guta la kukodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekua." Akatoa bisibisi mfukoni. "Nimefuata mlango. Kule nimemaliza kujenga."

Hakuna aliyebisha. Mwanamume akiondoka ukweni, nyumba hubaki ya ukoo wa mke, na alichokiunda mwenyewe ni chake. Zulfa aliushikilia mlango usianguke huku baba akifungua skrubu, moja baada ya nyingine. Msamaha alikuwa nao mdomoni, mzima, umeiva. Skrubu ya mwisho ilitoka bila mtu kuuomba, Zulfa akaumeza.

Mwantumu alitoka na beseni, akalipakia gutani.

"Chukua na hili. Saa kumi utalihitaji."

"Haya, ahsante," alisema Amiri, akapanda.

Guta liliondoka likiacha mchirizi wa maji barabarani mpaka kwenye kona. Mwantumu akatundika kanga pale mlangoni. Kanga ilipepea vizuri tu, haikulia, na alasiri ile Zulfa alikaa katikati ya ua kwa kuwa hakuwa na pa kuegemea. Aliumia, na hakukuwa na wa kumwambia.

Kwenye mtihani wa kufunga muhula swali lile lilirudi. Zulfa aliandika: "Hii ni tashihisi, kwa sababu mlango haulii."

Mwalimu Elineema akampa zote tano.