Paa la Jirani na Sauti ya Tatu

Mimi nafundisha kwaya ya kanisa, na kwaya yangu ni nzuri. Nalisema mapema ili mtu asidhani naona haya. Ina kasoro moja tu: sauti ya tatu, wale wanaume wa sauti za juu, hukimbia. Wimbo tunaanza pamoja, wao wanaumaliza peke yao wakatusubiri huko mbele. Na kiongozi wao, Mungu anisamehe, ni mume wangu. Mtaani wanamwita Chapuchapu. Miaka kumi na tisa namwambia apunguze mwendo, kanisani na nyumbani, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kimbunga kilikuja na upepo mtupu bila mvua, kikaondoka na nusu ya mapaa ya mtaa wetu. Cha ajabu, paa la jirani yetu fundi cherehani halikuvunjika. Upepo ulilinyanyua zima, mabati na mbao zake, ukalivusha barabara na kulitua uwanjani kwetu kanisani. Mwenyewe hasali kwetu wala kokote. Asubuhi ile alikuja akalitazama, mikono kiunoni.

"Haya, limenitangulia kanisani," alisema. Akacheka, kisha akalia.

Alikuwa na haki ya kulia. Kuta za nyumba yake ni za matofali mabichi, na ndani ya kuta hizo mama yake mzee, asiyeweza kusimama, ameishi tangu ujana wake. Siku mbili tulifanya tulivyofanyia wengine. Vijana walikata miti iliyoziba njia, kina mama walipika ukumbini kwa yeyote mwenye njaa, na yule mama mzee tulimlaza ofisini kwa mchungaji. Kila jioni alimuuliza bintiye lini watarudi kwao. Siku ya tatu mawingu yakaanza kujikusanya upya.

Seremala wa mtaa alizigusa zile kuta akatikisa kichwa. "Mvua ya saa moja tu, hizi zinarudi kuwa tope."

Maturubai tulikuwa tumeshayagawa yote. Kulifungua paa bati kwa bati na kulipiga upya ilikuwa kazi ya siku mbili, na misumari haikuwepo, kwani barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika.

"Basi tulibebe zima," nilisema.

"Mwalimu, paa si kabati."

"Wewe niambie tu linataka watu wangapi."

Alilizunguka akihesabu kimoyomoyo. "Arobaini. Lakini wanyanyue pamoja na wakanyage pamoja. Upande mmoja ukitangulia, linapinda linakatika. Watu arobaini wa namna hiyo utawatoa wapi?"

Hapo nilivimba kichwa, sikatai. "Nina kwaya," nikamwambia.

Bila mimi, waimbaji walikuwa thelathini na wanane. Mchungaji akaingia upande wa besi, na fundi cherehani akajifunga kiuno akasimama katikati ya wanawake. Seremala alipitisha nguzo ndefu chini ya paa, nami nikawapanga kwa sauti zao. Chapuchapu na wenzake walikwenda mbele bila kuuliza. Nikachagua wimbo wetu wa polepole kuliko zote, nikawaeleza: neno la kwanza tunanyanyua, kila pigo la mkono wangu hatua moja.

Likanyanyuka! Paa zima, na bati moja halikulia. Seremala alisahau kufunga mdomo. Tulikwenda hatua thelathini hivi, mimi nikitembea kinyumenyume na mkono juu. Tulipoukaribia mtaro wa kando ya barabara, sauti ya tatu ikachanganya miguu. Mbele wakaenda, nyuma wakabaki, na ubao mmoja ukapasuka kwa mlio uliotushtua wote.

"Chini! Tueni chini!" nilipiga kelele.

Seremala aliufunga ule ubao kwa waya mara nne. "Ikirudia hivi tena, tutakuwa tumebeba kuni," alisema.

Niliwasema sauti ya tatu maneno ambayo uwanja wa kanisa haujayazoea. Ngurumo ilisikika. Fundi cherehani hakulaumu mtu. Alikuwa anaziangalia kuta zake ng'ambo ya barabara, na hilo liliniumiza kuliko kama angetukana.

Chapuchapu alinijia, shati limemganda mgongoni. Nilingoja visingizio, maana huwa havimwishii.

"Mwalimu," alisema. Mimi ni mama watoto kwake. Mwalimu hajawahi kuniita. "Tunyamazishe sisi. Tukiimba tunajisikia wenyewe tu. Tukinyamaza, tutawasikia besi."

Alisema hivyo mbele ya kwaya nzima, yeye ambaye huimba hata akipiga mswaki. Hasira zote zikaniisha. Nilimwambia arudi mahali pake, kwa sababu ningeongeza neno ningelia.

Tukanyanyua tena, tukaimba kwa sauti tatu badala ya nne. Wimbo ulikuwa na pengo, nami nililisikia kila mstari. Tuliuvuka mtaro juu ya mbao, tukavuka barabara, tukapanda kile kimlima kidogo. Muda wote nilimtazama mume wangu. Midomo ameifumba, macho yako chini, mguu wake unashuka pale pale besi inaposhuka. Nimempenda siku nyingi, lakini siku ile nilijivunia kuwa mkewe.

Mabenchi ya kanisa yalikuwa yameshapangwa kuzunguka kuta. Besi wakapanda juu yake, wanawake wakasukuma kwa chini, na ubeti wa mwisho tuliurudia mara tatu hadi paa likakaa juu ya kuta, kona kwa kona. Seremala alilifunga kwa waya na misumari ya zamani aliyoinyoosha. Alikuwa kwenye kona ya nne mvua ilipoanza.

"Ingieni! Mnangoja kadi?" fundi cherehani alituita.

Tuliingia sote, tukabanana katika vyumba viwili vitupu, na cherehani yake katikati imefunikwa nailoni. Mvua ilipiga mabati hata mtu hasikii jirani yake. Fundi cherehani akaanza kupita kandokando ya ukuta, anatusogeza mmoja mmoja, kiganja chake kikipapasa matofali kutoka kona hadi kona. Alimalizia nyuma ya mlango, akageuka, akatuonyesha kiganja.

"Kavu!" alipaza sauti. "Mama atalala kwake leo."